Zulfikar Ali Bhutto: Bomu la Kuzuia Vita na Vita vya Siri

Hakuna Mwislamu wa pwani aliyepita chuoni asiyelijua jina la Dhulfikar, upanga wa Sayyidna Ali, ambao wachoraji huuchora ukiwa na ncha mbili. Huko Sindh, kusini mwa nchi ambayo leo ni Pakistan, jina hilo hutamkwa Zulfikar, na watoto wengi wa kiume hupewa. Mmoja wao alizaliwa tarehe 5 Januari, 1928, karibu na mji wa Larkana. Akaja kuwa waziri, kisha Rais, kisha Waziri Mkuu, na mwisho wake akanyongwa gerezani tarehe 4 Aprili, 1979. Huyo ndiye marehemu Zulfikar Ali Bhutto.

Wako wanaomwita shahidi, na wako wanaosema kuwa yeye ni mmoja wa walioivunja nchi yake vipande viwili. Makala haya hayakusudii kuamua baina yao. Tunataka kumtazama kwa jambo moja tu, nalo bado linaitisha dunia. India na Pakistan ni jirani, zote mbili zina mabomu ya nyuklia, na kila moja humshitaki mwenziwe kuwa anawafadhili watu wa kuja kuua kwa siri. Bomu na vita vya siri, yote mawili yalipita mikononi mwa Bhutto.

MWANA WA MWENYE MASHAMBA

Baba yake, Sir Shah Nawaz Bhutto, alikuwa bwana wa mashamba makubwa na mtu wa siasa. Mwaka 1947, Waingereza walipokuwa wakifunga virago, mzee huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Junagadh, dola ndogo katika rasi ya Kathiawar, pande zile zile walikotoka wazee wa baadhi ya jamii za Wahindi wa Mombasa na Zanzibar. Mtawala wa Junagadh alikuwa Mwislamu, lakini raia wake wengi walikuwa Wahindu. Alipotangaza kujiunga na Pakistan, India iliizingira nchi yake na mwezi wa Novemba ikaitwaa.

Kashmir mambo yalikuwa kinyume chake. Huko mtawala alikuwa Mhindu na raia wengi walikuwa Waislamu. Oktoba 1947 wapiganaji wa makabila ya mpakani waliingia Kashmir kutoka Pakistan, nao walikuwa na msaada wa wakubwa wa huko ingawa hawakuvaa sare ya jeshi. Mtawala akaikimbilia India, akatia sahihi ya kujiunga nayo. Vita vikapiganwa mpaka Januari 1949, Kashmir ikagawanywa, na kidonda kile hakijapona mpaka leo.

Siku hizo kijana Zulfikar alikuwa Marekani kwa masomo. Alipata shahada yake katika chuo kikuu cha Berkeley, California, mwaka 1950. Akaenda Oxford kusoma sheria, na mwaka 1953 akakubaliwa kuwa wakili mjini London. Alirudi Karachi akiwa msemaji hodari na mtu mwenye haraka ya kupanda ngazi. Mwaka 1958 alitiwa katika Baraza la Mawaziri akiwa na umri wa miaka 30, na Jenerali Ayub Khan alipotwaa madaraka mwaka ule ule, alimbakisha. Mnamo 1963 akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na mara akaiegemea Uchina, adui wa India.

WALIOTUMWA BILA SARE

Agosti 1965 serikali ya Ayub Khan ilifanya jambo ambalo Bhutto alikuwa mmoja wa waliolipigia debe. Watu kwa maelfu walivuka kwa siri mstari uliogawanya Kashmir. Walikuwa na silaha, lakini walivaa nguo za raia. Kazi yao ilikuwa kulipua madaraja, kushambulia vituo na kuwachochea wenyeji wasimame dhidi ya India. Mpango huo uliitwa Gibraltar, kwa jina la Jabal Tarik, mlima alioteremkia Tarik bin Ziyad alipoingia Andalus.

Hesabu ilikuwa kwamba Wakashmiri wangenyanyuka mara moja, na kwamba India isingethubutu kujibu nje ya Kashmir. Hesabu zote mbili zilikosa. Wenyeji wengi hawakunyanyuka, na wengine waliwapeleka wageni wale kwa polisi. Tarehe 6 Septemba majeshi ya India yakavuka mpaka wa Punjab na kuelekea Lahore. Vita vikubwa vikawaka, mpaka Umoja wa Mataifa ulipopata kusimamisha mapigano tarehe 23 mwezi huo.

Hapa ndipo penye funzo la kwanza. Serikali inayotuma watu bila sare hudhani kuwa inaweza kuupima moto, ukawaka jikoni usifike darini. Lakini moto hauna bwana. Januari 1966 Ayub Khan alitia sahihi mapatano ya Tashkent chini ya upatanishi wa Urusi, na Kashmir ikabaki pale pale ilipokuwa. Bhutto alijitenga na mapatano hayo na kuacha uwaziri mwaka ule ule. Kwa wananchi alionekana ndiye shujaa ambaye hakukubali kushindwa. Swali la nani aliyevianzisha vita likasahauliwa.

Ni mwaka huo wa 1965 pia alipotamka maneno yaliyomfuata maisha yake yote: kwamba India ikitengeneza bomu la nyuklia, Pakistan nayo italitengeneza lake, hata ikibidi watu wake kula majani.

KUVUNJIKA KWA NCHI

Novemba 1967 Bhutto alianzisha chama cha Pakistan Peoples Party mjini Lahore, akiwaahidi maskini chakula, nguo na mahali pa kulala. Katika uchaguzi wa Desemba 1970 chama chake kilishinda upande wa magharibi, lakini ushindi wa nchi nzima ulikuwa wa Sheikh Mujibur Rahman na chama chake cha Awami League, kilichopata takriban viti vyote vya Pakistan ya Mashariki. Haki ilikuwa Mujib aunde serikali. Bhutto alikataa kwenda Dhaka kukaa katika Bunge kabla ya kuelewana juu ya katiba, na Jenerali Yahya Khan akaahirisha kikao. Usiku wa tarehe 25 Machi, 1971, jeshi likashuka Dhaka na kuanza kuua raia.

Wakimbizi kiasi cha milioni 10 walimiminika India. Serikali ya Indira Gandhi nayo ikawapa wapiganaji wa Kibengali mafunzo, silaha na mahali pa kujificha. Kwa hiyo msomaji asidhani kuwa mchezo wa kutuma watu kuvuka mpaka ulichezwa na upande mmoja. Desemba 1971 majeshi ya India yakaingia yenyewe, na baada ya siku 13 jeshi la Pakistan likasalimu amri mjini Dhaka. Watu wapatao 93,000 wakachukuliwa mateka. Bhutto alikuwa New York katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambako alizichana karatasi zake na kutoka nje kwa hasira. Tarehe 20 Desemba majenerali walioshindwa wakamkabidhi kilichobaki cha nchi.

DAWA YA MOTO

Hata mwezi mmoja na nusu haukupita. Januari 1972 Bhutto aliwakusanya wanasayansi wa nchi yake mjini Multan na kuwaeleza kuwa anataka bomu. Kazi aliikabidhi kwa mhandisi Munir Ahmad Khan, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la kimataifa la nishati ya atomiki mjini Vienna.

Fikira yake haikuwa ngumu kuielewa. India ina watu wengi zaidi, ina askari wengi zaidi, na imekwisha kuikata Pakistan vipande viwili huku marafiki wa Pakistan wakitazama. Kwa silaha za kawaida Pakistan haitaifikia kamwe. Bali ikiwa na bomu, India itajua kuwa ushindi wowote utakuja pamoja na miji yake kuteketea. Bomu la namna hiyo halikusudiwi kulipuliwa. Kazi yake ni kumtia adui hofu asithubutu kuanza. Dawa ya moto ni moto, walisema wahenga, na Bhutto alilichukua neno hilo kama lilivyo.

Wakati huo huo hakuufunga mlango wa suluhu. Julai 1972 alikwenda Simla, akiwa na nchi iliyoshindwa na mateka mikononi mwa adui, na akaweza kukubaliana na Bibi Gandhi. Ardhi iliyotekwa upande wa magharibi ilirudishwa, mstari wa Kashmir ukathibitishwa, na pande zote mbili zikaahidi kuimaliza ugomvi wao kwa mazungumzo. Mateka walirudi nyumbani katika miaka miwili iliyofuata. Hata wasiompenda hukiri kuwa hiyo ilikuwa kazi ya mwanasiasa hodari. Mwaka 1973 aliipa nchi katiba mpya, ambayo ingali ndiyo katiba ya Pakistan, naye akawa Waziri Mkuu chini yake.

Februari 1974 aliwaalika viongozi wa nchi za Kiislamu Lahore. Walikuja Mfalme Faisal wa Saudia, Rais Sadat wa Misri, Kanali Gaddafi wa Libya, Bw. Yasser Arafat wa Palestina, na kutoka jirani zetu hapa akaja Jenerali Idi Amin wa Uganda. Mujib naye alikuja, baada ya Pakistan kuitambua Bangladesh.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 18 Mei, 1974, India ililipua chombo cha nyuklia chini ya mchanga wa jangwa la Rajasthan na kukiita cha amani. Pakistan hakuna aliyeliamini neno hilo. Mwaka huo huo kijana mmoja Mpakistani aliyekuwa akifanya kazi Uholanzi, Abdul Qadeer Khan, alimwandikia Bhutto akisema anaijua kazi ya kusafisha urani kwa mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa. Alirudi nyumbani mwishoni mwa 1975 pamoja na siri za mashine hizo, na mwaka 1976 kiwanda kikaanza kujengwa Kahuta, karibu na Islamabad. Agosti mwaka huo Dkt. Henry Kissinger wa Marekani alikuja Lahore kumtaka Bhutto aache kununua kutoka Ufaransa kiwanda kingine cha nyuklia. Bhutto hakukubali.

Ndipo lilipozuka jina la bomu la Kiislamu. Bhutto mwenyewe aliandika baadaye, akiwa gerezani, kwamba Wakristo, Mayahudi na Wahindu wanao uwezo huo, ila Waislamu tu ndio hawana. Maneno hayo yalipendeza masikioni mwa wengi, kutoka Jakarta mpaka Mombasa. Lakini bomu halina dini. Moto wake hauchagui baina ya msikiti na hekalu, na Waislamu wanaoishi India ni wengi mno: bomu lolote litakaloangukia Delhi au Bombay lingewaua kwa malaki.

MKONO USIOONEKANA

Tukirudi kwenye vita vya siri, Bhutto hakuviacha. Julai 1973 Daud Khan alimpindua Mfalme Zahir Shah wa Afghanistan na kuanza kuwachochea Wapashtun waliomo Pakistan wadai nchi yao. Bhutto alijibu kwa kuwapokea wapinzani wa Daud waliokimbia Kabul na kuwapa mafunzo ya silaha. Mwaka 1975 vijana hao walijaribu kuzusha uasi katika bonde la Panjshir wakashindwa. Lakini baadhi yao ndio waliokuja kuwa viongozi wa vita vya Afghanistan baada ya Warusi kuingia mwaka 1979, na nyuma yao Pakistan ilijaa bunduki.

Ndani ya nchi pia moto uliwaka. Februari 1973 shehena ya silaha ilikamatwa katika ubalozi wa Iraq mjini Islamabad, na Bhutto akaiondoa serikali ya jimbo la Baluchistan kwa tuhuma za kushirikiana na wageni. Wabulushi wakaingia milimani, na jeshi likapigana nao miaka minne. Habari hizi zina jamaa zake hapa kwetu, maana Wabulushi wa Mombasa ni wajukuu wa askari waliokuja zamani za watawala wa Oman, na asili yao ni nchi hiyo hiyo.

Kubwa zaidi ni kwamba Bhutto aliunda kikosi chake mwenyewe cha usalama, kisichokuwa cha jeshi wala cha polisi wa kawaida. Wapinzani wake walilalamika kuwa kikosi hicho kinawatisha na kuwapiga watu. Usiku mmoja wa Novemba 1974 gari la mbunge mmoja aliyemkosoa Bhutto lilimiminiwa risasi mjini Lahore. Mbunge alinusurika, baba yake akafa.

Machi 1977 Bhutto alishinda uchaguzi ambao wapinzani walisema umeibwa. Maandamano yakatapakaa miji yote. Tarehe 5 Julai mkuu wa majeshi, Jenerali Zia-ul-Haq, alimpindua. Bhutto mwenyewe ndiye aliyemteua mwaka uliotangulia, akawaruka majenerali wakubwa zaidi, kwa kumwona mtu mpole. Kikulacho ki nguoni mwako.

Faili la risasi za Lahore likafunguliwa upya. Mkuu wa kile kikosi cha usalama akageuka shahidi wa serikali na kusema kuwa amri ilitoka kwa Bhutto. Mahakama Kuu ya Lahore ilimhukumu kifo Machi 1978, na Februari 1979 majaji wa Mahakama ya Juu kabisa waligawanyika, wanne dhidi ya watatu. Marais na wafalme waliomba asamehewe, lakini wapi. Alinyongwa Rawalpindi akiwa na umri wa miaka 51, akazikwa kijijini kwao, Garhi Khuda Bakhsh. Miaka 45 baadaye, Machi 2024, Mahakama ya Juu ya Pakistan yenyewe ilitoa maoni kuwa hakutendewa haki katika kesi ile.

Kama aliamuru au hakuamuru, sasa ni baina yake na Mola wake. Ila jambo moja liko wazi. Mkono wa siri hauna shahidi mwaminifu. Anayeuunda hawezi kuthibitisha kuwa hakuutumia, na anayeshitaki anaweza kuutwika lolote. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

BAADA YAKE

Machi 1981 ndege ya abiria ya Pakistan ilitekwa nyara ikapelekwa Kabul, kisha Damascus. Waliofanya hivyo walikuwa wa kundi lililojiita Al-Zulfikar, likihusishwa na wana wa marehemu, na likihifadhiwa na serikali ya Kabul. Abiria mmoja aliuawa, na wafungwa zaidi ya 50 wakaachiliwa ili wengine wapone. Jina la upanga wa Sayyidna Ali likawa limetiwa juu ya kitendo cha kuwatisha wasafiri wasio na hatia.

Bomu nalo halikufa na mwenyewe. Zia aliliendeleza. Mei 1998 India ililipua mabomu yake ya majaribio, na tarehe 28 mwezi huo Pakistan ikajibu kwa kulipua yake katika milima ya Chagai, huko huko Baluchistan. Ndoto ya Multan ikatimia.

Je, bomu limezuia vita? Wanaolitetea wana hoja nzito. Tangu 1971 nchi hizi mbili hazijapigana vita vya mpaka mzima. Mwaka 1999 zilipigana Kargil, lakini zikaishia milimani. Baada ya Bunge la India kushambuliwa Desemba 2001, majeshi yalitazamana mpakani kwa miezi mingi, kisha yakarudi kambini. Wakubwa wa pande zote walijua gharama.

Wanaolipinga wana hoja yao pia, nayo ni nzito vile vile. Bomu limeufunga mlango mkubwa, lakini limeacha dirisha wazi. Mwenye bomu anajua kuwa jirani ataogopa kulipiza kwa nguvu zote, na hapo watu wasio na sare hupata nafasi. Kuanzia 1989 Kashmir iliingia katika uasi, na wapiganaji wakavuka mstari kutoka Pakistan. Novemba 2008 watu kumi wenye bunduki walitoka Karachi kwa bahari wakaingia Mumbai na kuua watu 166, katika hoteli, stesheni ya reli na hospitali. Waislamu walikuwamo miongoni mwa waliouawa. Februari 2019 askari 40 wa India waliuawa Pulwama, na ndege za kivita zikavuka pande zote mbili. Aprili 2025 watu 26 waliuawa Pahalgam, wengi wao watalii, na mwezi uliofuata makombora yakarushwa siku nne kabla ya mapigano kusimamishwa tarehe 10 Mei.

India husema nyuma ya mauaji hayo iko Pakistan. Pakistan hukana, na husema India ndiyo inayowapa nguvu waasi wa Baluchistan. India nayo hukana. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, na kila safari waliolala chini ni watalii, wachuuzi, wasafiri wa gari moshi na wanakijiji wa mpakani.

Tena jibu la kila safari limekuwa kubwa kuliko la safari iliyopita. Mwaka 2008 India haikurusha hata kombora moja. Mwaka 2019 ilirusha ndege. Mwaka 2025 ilipiga ndani ya Punjab ya Pakistan. Lile dirisha la vita vya siri linaelekea mlangoni, na hofu iliyotegemewa kuzuia moto inazidi kuzoeleka. Watu wakizoea kucheza karibu na baruti, siku moja cheche itaangukia mahali pake.

Dini yetu imeweka wazi hukumu ya kumwua mwanamke, mtoto, mzee na mtu asiyeshika silaha, hata katika vita vya halali. Hukumu hiyo haiulizi kama muuaji amevaa sare au hakuvaa, wala kama ametumwa na serikali au amejituma. Bomu linaloteketeza mji mzima na bunduki inayofyatuliwa ndani ya stesheni, yote mawili huwapata watu wale wale.

Bhutto alikuwa na akili ya kuyaona hayo. Simla alionyesha kuwa aliyeshindwa anaweza kupata kwa ulimi alichokikosa kwa bunduki, na ile ndiyo kazi yake iliyookoa watu wengi zaidi. Leo katika kaburi la jamaa yake huko Garhi Khuda Bakhsh wamelala pamoja naye watoto wake watatu: Shahnawaz, aliyekutwa amekufa Ufaransa mwaka 1985, Murtaza, aliyepigwa risasi na polisi Karachi mwaka 1996, na Benazir, aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili na kuuawa Rawalpindi mwaka 2007, katika mji ule ule alikonyongewa baba yake. Nchi yao ilikuwa na bomu tayari Benazir alipouawa, na halikuweza kumkinga.